Kwenda Bologna na Mama: Maandalizi Yaliyoanzia Jikoni

Nimezaliwa na kulelewa Malindi, mji ambao mtoto hujua kusema "ciao" na "grazie" kabla hajaijua vyema hesabu ya kuzidisha, kwa kuwa Waitaliano wameizoea pwani yetu tangu miaka ya 1960, ulipoanzishwa mradi wao wa kurusha setilaiti baharini karibu na Ngomeni, na nyuma ya wataalamu wale wakafuata watalii, wenye hoteli na wenye majumba ya likizo. Mama yangu alipika katika moja ya majumba hayo kwa miaka 18. Kila wiki alitakiwa kupika tambi za kima, ambazo kwenye orodha ya vyakula ziliandikwa "spaghetti bolognese", na siku moja mgeni mzee, mwenyeji wa Bologna yenyewe, mji wa kaskazini mwa Italia, alimaliza sahani yake, akaja mpaka mlango wa jiko, akamshukuru kwa adabu, kisha akamwambia kwamba chakula kile ni kitamu lakini kwao hakuna anayekila namna ile. Mama hakukasirika. Alimwuliza, "Basi kwenu mnakula vipi?" Mzee alijaribu kueleza kwa mikono, maana Kiswahili chake kilikuwa kidogo na Kiitaliano cha mama kilikuwa cha jikoni tu. Mama amebaki na swali lile hadi leo, naye ameshastaafu na magoti yameanza kumsumbua.

Oktoba hii, Mwenyezi Mungu akipenda, ninampeleka akapate jibu.

Ndugu zangu wawili na jirani mmoja waliowahi kufika Ulaya walinishauri niifanye safari iwe ya miji minne, yaani Roma, Firenze, Venezia na Milano, kwa hoja kwamba nauli ya ndege ni ileile na huenda tusipate nafasi nyingine. Niliifikiria hoja hiyo kwa wiki nzima, nikaiacha. Mtu wa miaka 67 anayepanda ngazi kwa kushika ukuta hawezi kufungasha na kufungua mabegi kila baada ya siku mbili na bado akabaki na hamu ya kula. Na chakula, ambacho ndicho kinachotupeleka, hakijulikani kwa kupita njia. Unaanza kukijua pale unaporudi duka lilelile siku ya tatu, muuzaji akakukumbuka, akakuonjesha kitu ambacho hukukiomba. Kwa hiyo siku zetu nane, kuanzia tarehe 9 Oktoba, zitakuwa za Bologna, isipokuwa siku mbili tutakazotoka asubuhi na kurudi jioni.

Waitaliano wameupa mji huu majina matatu: la dotta, la rossa na la grassa. Wa kwanza ni msomi, kwa sababu chuo kikuu chake huhesabiwa kuanzia mwaka 1088, nacho hutajwa kuwa ndicho kikongwe kuliko vyote katika nchi za Magharibi. Humo ndimo Laura Bassi alipopata shahada yake mwaka 1732 na kuwa mwanamke aliyefundisha sayansi kwa kulipwa mshahara na chuo kikuu, jambo ambalo mimi niliye mwalimu siwezi kulipita bila kulitaja. Wa pili ni mwekundu, kwa rangi ya matofali na mapaa yake, na wengine husema pia kwa siasa zake. Wa tatu ni mnene, na hilo ndilo jina linalotuhusu. Mji umekaa ukingoni mwa bonde kubwa la mto Po, penye ngano laini, ng'ombe wa maziwa na nguruwe, na kwa karne nyingi watu wake wameviunganisha vitu hivyo vitatu kwa ustadi ambao Waitaliano wa miji mingine, wenye kujisifu kila mmoja kwa jiko lake, huukubali bila ubishi.

Nguruwe ndiye aliyetusimamisha. Sisi ni Waislamu, na mama hali nyama ambayo haikuchinjwa kwa sharia, na fahari ya jiko la Bologna ni nguruwe kuanzia sahani ya kwanza. Mortadella, ile soseji kubwa ya waridi yenye madoa meupe ya mafuta, ni ya hapo, na tangu mwaka 1661 ilikuwa imeshawekewa amri ya serikali ya Kanisa kuhusu namna ya kuitengeneza. Ragù, yaani mchuzi wa kima ambao dunia nzima unaitwa kwa jina la mji huu, uliandikishwa rasmi katika chemba ya biashara ya Bologna tarehe 17 Oktoba 1982, na katika maandishi hayo kima cha ng'ombe kinaandamana na pancetta, ambayo ni nyama ya tumbo la nguruwe, pamoja na divai. Tortellini, vile vifurushi vidogo vya unga vinavyopikwa katika supu, viliandikishwa mwaka 1974, na ndani yake mna nyama ya nguruwe kwa sura tatu: kiuno, prosciutto (paja lililokaushwa kwa chumvi) na mortadella. Hata vimkate vya kukaanga viitwavyo crescentine, ambavyo mama alipoviona kwenye picha alisema ni ndugu wa mahamri, mara nyingi hukandwa au kukaangwa kwa mafuta ya nguruwe.

Wapo wasafiri wa dini yetu wanaoyakuta hayo baada ya kufika, wakaishia kula piza ya jibini siku zote, wakarudi wakisema Italia haina chakula. Niliona ni afadhali niijue kila sufuria kabla ya kuondoka nyumbani, na kazi hiyo imenichukua miezi minne ya kusoma, kuandika daftarini na kumsumbua kwa maswali mama mmoja wa Kiitaliano anayeishi Watamu, ambaye amenijibu kwa subira kubwa kila Jumamosi.

Jambo la kwanza alilonifunza ni tofauti ya herufi moja. Tortellini ni vidogo, vina nguruwe, na huliwa na supu. Tortelloni ni vikubwa, ndani hujazwa ricotta, jibini laini jeupe, pamoja na majani ya kotimiri ya Kizungu, na hupikwa kwa siagi na majani ya seji. Mtu akisoma orodha kwa haraka akakosea herufi hiyo, atakuwa amekula kile alichokimbia. Kisha alinionya kuhusu tortelloni za rangi ya kijani ziitwazo balanzoni, ambazo mgeni atazidhania ni za mchicha peke yake kumbe ndani mna mortadella. Tagliatelle zenye uyoga wa porcini ni salama, na Oktoba ndio msimu wake. Friggione, mchuzi mzito wa vitunguu na nyanya unaopikwa kwa saa nyingi mpaka vitunguu vinayeyuka, ni chakula ambacho mtu wa pwani atakielewa kwa kijiko cha kwanza, lakini ni lazima kuuliza kimepikwa kwa mafuta gani, kwani wapishi wa zamani hutia mafuta ya nguruwe. Passatelli, tambi fupi nene za chenga za mkate, mayai, jibini na kungumanga, hazina nguruwe, ila huchemshiwa katika supu ya nyama, hivyo mama hatazila hotelini.

Kuna pia suala la jibini lenyewe. Parmigiano Reggiano, ambalo hunyunyizwa karibu kila sahani, hugandishwa kwa kimeng'enya kinachotolewa tumboni mwa ndama, na wanachuoni wametofautiana kuhusu jibini la namna hiyo. Mama alimwendea shekhe wake, wakazungumza kwa kirefu, akapata jibu lililomtuliza na kumruhusu. Mwenye kufuata jibu jingine ataupunguza zaidi mzunguko wa vyakula vyake, na ana haki hiyo. Kwa upande wa peremende na keki, zuppa inglese tumeifuta kabisa kwa sababu rangi yake nyekundu hutokana na kileo, na torta di riso, keki ya mchele, maziwa na lozi inayofanana mno na mkate wa sinia wetu, tutaiuliza kwanza kwa sababu wengi huimalizia kwa kileo cha lozi. Nimeandika kwenye kadi ngumu, kwa herufi kubwa, maneno haya: "Senza maiale, senza strutto, senza vino." Maana yake ni bila nguruwe, bila mafuta ya nguruwe, bila divai. Mama ameichukua kadi hiyo na kuitia katika pochi yake pamoja na kitambulisho.

Hata hivyo mama hakuwa akisafiri kwenda kula uyoga. Swali lake lilikuwa la kima. Hapo ndipo niliposhika uamuzi ambao naona ndio bora kuliko mengine yote katika mpango wetu: badala ya kulala hotelini tutapanga nyumba yenye jiko. Nyuma ya stesheni kuu kuna mtaa uitwao Bolognina, wenye wahamiaji wa mataifa mengi, na huko kunapatikana nyama iliyochinjwa kihalali. Tutanunua kima cha ng'ombe huko, na katika soko tutanunua karoti, selari na kitunguu, na mama ataupika ragù kwa mkono wake ndani ya Bologna, bila pancetta na bila divai, kwa mwendo uleule wa moto mdogo wa saa mbili au tatu ambao ndio siri yake, akimalizia na maziwa kidogo. Wenyeji wenyewe watasema huo si ule ulioandikishwa mwaka 1982, na watakuwa wamesema kweli. Lakini tambi zake zitakuwa za hapohapo.

Na tambi ndizo jibu ambalo mzee yule alikuwa akijaribu kulieleza kwa mikono mlangoni mwa jiko. Mtu wa Bologna hali ragù kwa spageti, ambazo ni nyembamba, za mviringo, zenye kuteleza, na mchuzi wote hubaki chini ya sahani. Hula kwa tagliatelle, riboni bapa za unga na mayai, zenye ukwaru wa ubao zilizosukumiwa, na kima hushikana nazo. Mwaka 1972 waliuandikisha hata upana wake: milimita 8 baada ya kuiva, kipimo walichokieleza kuwa ni sehemu moja ya 12,270 ya urefu wa mnara wa Asinelli, na wakaweka mfano wa riboni hiyo uliotengenezwa kwa dhahabu. Nilipomsomea mama habari hiyo alinyamaza kidogo, kisha akasema watu wanaoheshimu tambi kiasi hicho anataka kuwaona kwa macho. Unga wenyewe ni ngano laini na mayai peke yake, yai moja kwa gramu 100, bila maji. Wanawake wanaousukuma huitwa sfogline, hufanya kazi nyuma ya vioo vya maduka ili wapita njia wawaone, na huuza tambi mbichi kwa uzito. Tumejiandikisha kwenye darasa la asubuhi moja kwa mmoja wao, baada ya kuhakikishiwa kwa maandishi kwamba tutajaza ricotta na si nyama.

Kuhusu wakati wa kwenda, sikuwa na shaka nyingi. Agosti ni joto na unyevu, na karibu na sikukuu ya tarehe 15 wenye mikahawa na maduka wengi hufunga wakaenda pwani. Katikati ya baridi kuna ukungu ambao magoti ya mama yasingeuvumilia. Septemba ingefaa, ila mwishoni mwake huwa na maonyesho makubwa ya vigae, na Bologna ni mji wa maonyesho ya biashara. Vyumba hupanda bei na kujaa, hivyo anayepanga safari ni vyema aangalie kwanza kalenda ya maonyesho kabla ya kuangalia nauli. Tarehe 4 Oktoba ni sikukuu ya mtakatifu wa mji, Petronio, nasi tutafika baada yake, mambo yakiwa yamerudi katika hali ya kawaida.

Viza ni habari ndefu, ila nitaifupisha. Sisi wenye pasipoti za Kenya tunahitaji viza ya Schengen, ambayo ada yake kwa mtu mzima ni euro 90, na maombi hupokelewa kuanzia miezi sita kabla ya safari hadi siku 15 kabla. Pasipoti iwe imetolewa ndani ya miaka 10 na iwe na uhai wa miezi mitatu baada ya siku ya kuondoka Ulaya. Bima ya safari lazima ifikie euro 30,000, na hapo ndipo tulipokwama: aliyetuuzia bima alihesabu usiku wa kulala badala ya siku za kukaa, bima ya mama ikapungukiwa na siku moja, na tuligundua tukiwa tumeshakaa kwenye foleni Nairobi, baada ya kusafiri usiku kucha kwa basi. Tulipewa miadi mingine wiki tatu baadaye. Mama alilia kwenye basi la kurudi, si kwa sababu ya bima, bali kwa kuona ninazidi kutumia fedha kwa ajili yake, na ilinichukua safari yote hadi Mtito Andei kumweleza kwamba fedha hizo zilikuwa zake tangu alipokuwa akisimama jikoni kwa watu ili mimi nisome. Nawasihi wanaoandaa makaratasi: hesabuni siku kwa vidole, pamoja na ya kufika na ya kuondoka, na msome kila tarehe wenyewe.

Hakuna ndege ya moja kwa moja kutoka Kenya hadi Bologna. Wengi hubadilishia Istanbul au Dubai, na uwanja wa mji huo umepewa jina la Guglielmo Marconi, mzaliwa wa hapo, mmoja wa waanzilishi wa mawasiliano ya redio. Kutoka uwanjani hadi stesheni kuu kuna treni ya juu ya reli moja, mwendo wa kama dakika saba. Anayepata tiketi nafuu ya Milano asisite, kwa kuwa treni ya kasi kutoka huko huchukua muda unaozidi saa moja kidogo tu.

Stesheni hiyo tutasimama kwanza. Kwenye ukuta wake kuna saa iliyosimamishwa makusudi ikionyesha saa 4:25 asubuhi, wakati bomu lilipolipuka katika chumba cha kusubiria tarehe 2 Agosti 1980 na kuua watu 85. Mama aliniuliza kwa nini hawaitengenezi. Nilipomweleza hakuuliza tena. Alikuwa Nairobi kwa dada yake mwezi Agosti 1998.

Magoti ya mama ndiyo yaliyochagua tutakayoyatazama, na kwa bahati njema huu ni mji ulioandaliwa kwa watembea kwa miguu. Barabara zake zimefunikwa na vibaraza vyenye matao, viitwavyo portici, vilivyoungana nyumba kwa nyumba kwa urefu unaofikia kilomita 62 ukihesabu mji mzima, na mwaka 2021 vilitiwa katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO. Vilianza watu wa zamani walipoongeza vyumba vya juu vikatokeza nje juu ya njia, vikashikiliwa kwa nguzo, na badala ya kukataza, sheria ya mwaka 1288 ikaagiza kila nyumba mpya iwe nacho, mwenye nyumba akitunze, na kila mtu awe na haki ya kupita. Urefu wake kwenda juu ulitakiwa uwe wa kutosha kumpitisha mtu aliyepanda farasi. Sisi tuliokulia kwenye baraza tunajua kivuli cha mbele ya nyumba kina thamani gani. Ila kwetu baraza ni ya mwenye nyumba na wageni wake, na kule ni ya mwenye nyumba kwa gharama na ya watu wote kwa matumizi. Mvua ikinyesha, jambo la kawaida mwezi huo, mama ataweza kutembea kutoka nyumbani hadi sokoni bila mwavuli, kwa mwendo wake, juu ya sakafu.

Kibaraza kirefu kuliko vyote hupanda hadi kanisa la San Luca kilimani, matao 666 kwa karibu kilomita 3.8, na huko hatutapanda kwa miguu. Tutatumia kile kitreni cha watalii kinachoondokea Piazza Maggiore, uwanja mkuu wa mji. Minara miwili maarufu, Asinelli wenye urefu wa mita 97 na Garisenda ulioinama, tutaitazama kutoka chini tu, kwa kuwa Oktoba 2023 ilifungwa na eneo lake likazungushiwa uzio baada ya Garisenda kuonekana una hatari. Wala ngazi 498 za Asinelli zisingekuwa za mama hata ingekuwa wazi.

Kitu kimoja ndani ya kanisa kubwa la San Petronio nimekiwekea alama nyekundu katika daftari. Mwaka 1655 mtaalamu wa nyota Giovanni Domenico Cassini alichora sakafuni mstari wa shaba na marumaru wa karibu mita 67, na juu kwenye paa kukaachwa tundu dogo. Jua likifika katikati ya mbingu, duara la mwanga hulala juu ya mstari, na mahali linapoukata hubadilika kila siku kwa mwaka mzima. Kwa tarehe tutakazokuwa huko hilo hutokea karibu saa saba mchana. Kwetu huo ni wakati jua linapopinduka na adhuhuri inaingia, na babu yangu, aliyekuwa mwadhini, aliupima kwa kivuli cha kijiti kilichosimikwa uani mwa msikiti. Nataka nisimame pale nione duara lile likitambaa, kisha tutoke tukaswali.

Karibu na Piazza Maggiore ndipo penye Quadrilatero, vichochoro vya soko la tangu zama za kati ambavyo majina yake bado ni ya kazi zilizofanywa humo: wafua dhahabu, wauza nguo, wauza samaki. Kwa ununuzi wa jikoni tutakwenda zaidi Mercato delle Erbe, soko la ndani lililofunguliwa mwaka 1910, penye mboga na matunda kwa wenyeji. Nimejiandikia tukumbuke kwamba jikoni za mikahawa hufungwa baada ya saa nane na nusu mchana hadi saa moja na nusu usiku, na kwamba kwenye bili kutakuwa na neno "coperto", malipo ya euro chache kwa kila aliyeketi, ambayo si wizi wala si bakshishi.

Siku mbili za kutoka ni za Ferrara na Modena, zote kama nusu saa kwa treni. Modena tutaona siki nyeusi, aceto balsamico tradizionale, maji ya zabibu yaliyochemshwa na kuachwa katika mapipa darini, ambako joto la kiangazi na baridi ya kipupwe huyafanyia kazi kwa miaka isiyopungua 12, na ile iliyokomaa zaidi miaka 25. Ferrara tunakwenda kwa ajili ya sahani moja tu: cappellacci, vifurushi vikubwa vya unga vilivyojazwa boga, jibini na kungumanga, vyenye utamu unaopakana na chumvi. Ukiviagiza kwa siagi na seji havina nyama hata chembe. Mama, ambaye amepika boga la nazi kila Ramadhani ya maisha yangu, hataki kuamini kwamba Mzungu hulila boga ndani ya tambi, na amesema ataonja kwanza ndipo aseme neno.

Viza zilitoka wiki iliyopita. Tangu siku hiyo jiko letu limegeuka karakana. Mti wa kusukumia chapati ulikuwa mfupi mno kwa kazi hii, kwa hiyo fundi seremala wa mtaani amemchongea mama mwingine wa karibu mita moja, laini, usio na mishikio, na Ijumaa baada ya swala mama alivunja mayai manne katikati ya unga, akakanda robo saa, akaufunika, akaupumzisha, kisha akaanza kusukuma huku akiuzungusha robo kwa robo kama alivyoona kwenye video. Nilimwambia yale wasemayo mafundi wa Bologna, kwamba sfoglia njema, yaani unga uliosukumwa ukawa mwembamba, ni ile ambayo ukiinyanyua juu utaliona kanisa la San Luca kwa upande wa pili. Akaushika mkate ule wa manjano kwa mikono miwili, akausogeza dirishani mbele ya mnara wa msikiti wetu, akatazama. Nilimwuliza kama anauona. "Naona mwanga," alisema, "mnara bado." Akaurudisha ubaoni, akanyunyiza unga, akaendelea kusukuma.